Nafasi ya Mtoto Asiye na Mtu

Watu wakisikia nafanya kazi kwenye makao ya watoto huniambia nina moyo. Moyo ninao kama wao. Nilichowazidi ni mdomo. Kazi ya mlezi hapa Kibondo ni nusu kupika na kufua, nusu iliyobaki ni kugombana: na zahanati, na fundi wa sare, na watu wa maji, na zaidi ya wote na shule. Shule nzuri inataka mzazi. Mzazi aje kwenye usaili, aje kwenye vikao, aje siku ya kutembelea watoto na hotpoti la pilau. Wewe unatokea umevaa viatu vyako vya kanisani, unasema umetoka makao, na kabla hujakaa mwalimu anakutazama kama mtu aliyekuja kukopa. Unaomba mpaka unajichukia.

Nilikuwa na binti mmoja pale. Nasema nilikuwa naye kwa sababu nilimbeba mgongoni na nikamlea mpaka akanizidi urefu. Aliletwa na mtendaji wa kijiji kutoka Busunzu akiwa bado anajikwaa akitembea. Mama yake alifia kwenye uzazi wa mdogo wake, na huyo mdogo naye hakupona. Baba alikwenda kutafuta vibarua upande wa Nyarugusu na hakuonekana tena. Watoto wengine kwetu hupata shangazi wa Krismasi au mjomba wa Pasaka, anakuja na soda moja na kuondoka na picha kwenye simu. Yeye hakuwahi kuuliziwa na mtu. Alisoma kila kilichoandikwa, hata maelezo ya nyuma ya mfuko wa mbolea, na akishamaliza anakuuliza swali ambalo huna jibu lake.

Alimaliza darasa la saba akiwa wa kwanza shuleni kwao, na serikali ikampangia shule ya kata. Siisemi vibaya shule ya kata, mimi mwenyewe enzi zangu ningeipata ningeshukuru. Lakini ile ilikuwa na mwalimu mmoja wa hisabati kwa shule nzima, na kila ukimkuta anazungumzia uhamisho. Mimi nilikuwa nimeshaweka jicho langu Kasulu, kwenye shule ya bweni ya wasichana inayoendeshwa na masista. Pale kila mwaka waliacha nafasi moja bila ada, na wenyewe waliiita hivyohivyo, nafasi ya mtoto asiye na mtu. Binti akafanya mtihani wao. Sista mkuu alinipigia simu yeye mwenyewe akaniambia, "Mama, huyu tunamtaka." Nilikaa chini jikoni nikalia, ungo wa mchele mapajani, na watoto wakadhani tumefiwa.

Tukaenda Kasulu, mimi na yeye, nikampaka mafuta mpaka magotini. Sista alitupokea vizuri, akampa binti juisi, akamtuma aende akatazame maktaba. Alipotoka, Sista akashusha sauti.

"Mama, kuna jambo moja. Bodi inataka ndugu wa damu aje amtambue."

"Ndugu gani, Sista? Angekuwa na ndugu angekuwa kwangu?"

"Naelewa. Lakini unajua hapa tulipo. Kambi ile pale. Mtoto hana cheti cha kuzaliwa, na lugha ya nyumbani ya kwetu na ya Warundi ni kitu kimoja. Watu wa uhamiaji wakija wakauliza mmempata wapi, tuseme nini? Aje mtu mmoja wa ukoo, aseme huyu ni wetu, wa kijiji fulani. Basi."

Nilimwelewa, hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Huku kwetu mtoto asiye na wazazi anahesabiwa ametoka kambini mpaka mtu asimame aseme hapana. Watoto wetu wameshaitwa wakimbizi sokoni, shuleni, hata kwenye foleni ya bomba. Nikasema haya, tutamtafuta. Mtendaji wa Busunzu alikuwa anajua kwamba baba wa binti ana mdogo wake pale kijijini, mkulima, ana mke na nyumba. Kumbe miaka yote hiyo alikuwa hapohapo.

Mkuu wetu wa makao ni mwalimu mstaafu, mzee wa kanisa, Mha kamili. Nilimwambia, "Mwalimu, tusilikuze jambo. Chukua bodaboda, mkute huyo bwana, mwambie siku moja tu aje Kasulu aseme mtoto ni damu yake, nauli tunatoa sisi, arudi kwake." Mwalimu alinitazama kama nimemwambia akaibe kuku.

"Mtu humwendei nyumbani kwake mikono mitupu ukamwambia twende," akasema. "Tena kwa habari ya mtoto. Wewe hukulelewa?"

Nililelewa, ndiyo maana nikanyamaza. Kwetu ukienda kwa mtu kwa neno zito unakwenda na kinywaji, unasalimia mpaka salamu ziishe, unakaa, na unaomba. Basi tukabeba dumu la pombe ya ndizi, sukari, na kitenge cha mama mwenye nyumba. Mwalimu hanywi, hata soda anaitilia shaka, na lile dumu alilifunika kwa sweta lake njia nzima ili waumini wasimwone. Nilicheka mpaka dereva wa bodaboda akageuka.

Kule Busunzu tulipokelewa kwa heshima. Tuliinama, tukapiga makofi, salamu za mwakeye za kutosha, habari za mashamba, za mvua, za mihogo. Dumu lilipoonekana majirani nao wakaanza kusogea, wazee kwa vijana, mpaka mkeka ukajaa na wengine wakakaa kwenye magogo. Baba mdogo wa binti alikuwa mtu mwembamba, koti limechanika kwapani, hasemi sana. Mke wake alikuwa mjamzito, tumbo kubwa la kuogopesha, ameegemea ukuta. Mwalimu akasimama, akavua kofia, akasema kwa Kiha kizuri sana, kile cha wazee: tumekuja kwako, baba, kukuomba mtoto wako, atoke aende akasome. Nakiri nilijisikia fahari. Nikasema moyoni, hivi ndivyo mambo yanavyofanywa na watu wenye adabu.

Mzee mmoja jirani akauliza, "Mtoto yupi?"

"Wa kaka yangu," akajibu yule bwana, anatazama chini.

"Si ulituambia walimchukua wajomba zake?"

Watu wakatazamana. Mwalimu, kwa kutaka kumsaidia, akaeleza kwa upole kwamba mtoto yuko Kibondo kwenye makao, analelewa vizuri, anaongoza darasani. Kila neno lilikuwa linazidi kumzamisha yule mtu. Mimi niliona, nikamvuta Mwalimu suruali akae, lakini alikuwa na hotuba yake na aliimaliza. Pombe ikanywewa kimyakimya. Mwisho yule bwana akasema amekubali, atakuja.

Na alikuja. Tulikutana naye Kasulu siku tuliyopanga, amevaa shati la kuazima, akasimama mbele ya Sista akasema huyu ni damu yetu, mama yake nilimjua, nyumba walikaa pale. Binti alimsalimia kwa kupiga magoti na hakuacha kumtazama masikio. Baadaye akaniambia, "Mama, masikio yake ni kama yangu." Sista akampa yule bwana mkono na kumshukuru. Nafasi ikawa ya kwetu. Tukanunua sanduku la bati, godoro, ndoo, na jozi mbili za viatu. Binti akanyoa nywele kama shule walivyotaka, akawa anazunguka makao akijishika kichwa na kucheka, na usiku analala sanduku likiwa kitandani kwake, miguu imelikumbatia. Krismasi ile nilikuwa mtu wa furaha kiasi cha kujitilia shaka.

Mwezi wa kwanza, shule zikiwa karibu kufunguliwa, baba mdogo akaja makao na mwenyekiti wa kijiji na wazee wawili. Wakakaa. Wakasalimia mpaka mwisho. Halafu akasema amekuja kumchukua mtoto wake.

Mwalimu akadhani amesikia vibaya. Akaanza kumweleza habari za nafasi, za Sista, za godoro. Yule bwana akamwacha aseme yote, kisha akajibu bila kupandisha sauti.

"Mwalimu, mlikuja nyumbani kwangu na pombe. Mkakaa kwenye mkeka wangu, mbele ya wazee, mkaniomba. Kama mtoto hakuwa wangu, mlikuwa mnaniomba nini?"

Mwalimu alikuwa hana pa kushika, kwa sababu kwa desturi yetu yule mtu alikuwa sahihi kabisa. Angepelekewa mtu wa kumwambia njoo Kasulu utie sahihi, angetia sahihi na kurudi shambani. Sisi tulimheshimu, na kwa kumheshimu tukawa tumemkabidhi. Tena tulimheshimu mbele ya kijiji kizima ambacho kilikuwa hakijui. "Nikipita njiani wananiuliza, mwenzetu, mtoto wa kaka yako anakula vya msaada mpaka lini?" akasema. "Mke wangu amejifungua mapacha, hana wa kumsaidia, na kuna mtu wa ukoo wetu amekaa kwa watu. Mimi nifanyeje?" Ningetaka kumchukia, ingenisaidia. Lakini macho yake yalikuwa mekundu, na alikuwa na aibu kuliko mtu yeyote mle ndani.

Nikakimbilia kwa afisa ustawi wa jamii. Ni dada mdogo wa kazi mpya, siyo mtu mbaya, ana wilaya nzima na pikipiki isiyo na mafuta. Akanisikiliza, akaniambia sera ni mtoto mwenye ndugu alelewe na ndugu. Makao ni pale tu ambapo hakuna mtu kabisa. Nikamwambia huyo ndugu alikuwa wapi mtoto akiugua surua, alikuwa wapi alipovunjika mkono, nani alikesha. Nilimpa maneno yote niliyokuwa nayo na mengine nikayaazima. Akangoja nimalize.

"Mama," akasema, "wewe si ndugu yake."

Nimetukanwa sana katika kazi hii, na kwa lugha zote za mkoa huu. Hakuna lililonikata kama hilo, maana alilisema kwa huruma.

Tukajipa moyo kwamba shule bado ipo. Baba mdogo mwenyewe alisema, "Sikatai shule. Aende, likizo arudi kwangu." Tukaona basi, maji yametulia. Siku ya kuondoka binti akaniuliza, "Shule inafunguliwa Jumatatu. Nitatokea kule Busunzu?" Nikamwambia ndiyo, atatokea kule. Niliamini. Wakamfungia sanduku nyuma ya pikipiki na godoro juu yake, na yeye akaketi katikati, kichwa kimenyolewa, amejikunja kama mzigo mwingine.

Kesho yake nikampigia Sista kumweleza kwamba mtoto atapelekwa na baba yake mdogo.

"Kwa hiyo sasa anaishi na familia?"

"Ndiyo, Sista."

"Mama, ile nafasi ni ya mtoto asiye na mtu."

Nilipanda basi siku hiyohiyo. Sikumbuki njia. Nilimkuta ofisini kwake, nikakataa kukaa. Nikamwambia, "Sista, wewe ndiye uliyetaka ndugu. Mimi nilikuwa na mtoto asiye na mtu, ukaniambia nikamtafutie mtu, nikamtafuta. Sasa unanihukumu kwa nini?"

"Nilitaka ndugu wa kumshuhudia," akasema. "Sikutaka ndugu wa kumlea. Bodi wataniuliza, mbona mnampa bure mtoto mwenye kwao? Kuna wazazi maskini mia wanaitaka. Familia ilipe ada, tumpokee leo."

Familia ilipe ada. Mtu wa koti lililochanika. Nilimwambia maneno ambayo hayafai kuambiwa sista, kisha nikamwomba radhi, kisha nikamwomba nafasi, kisha nikapiga magoti kwenye sakafu yake iliyong'aa. Akanishika mkono akaniinua na yeye analia. Hakubadilisha kitu. Nilichogundua siku ile ni kwamba hapakuwa na mtu mbaya popote katika habari hii, na hilo linachosha kuliko kumpata mbaya ukamlaani. Nafasi akapewa mtoto wa makao mengine, na simwonei wivu, alikuwa hana mtu kweli.

Mvua za masika zilipoanza nikaenda Busunzu. Ilikuwa katikati ya wiki, asubuhi, saa za darasa. Nikamkuta binti nyuma ya nyumba anatoa mihogo iliyolowekwa, mikono myeupe mpaka viwikoni, pacha mmoja mgongoni na mwingine kwenye mkeka. Akanawa, akaninyooshea mkono, akapiga goti kidogo kama mtu anayemsalimia mgeni wa baba. Nikamuuliza shule ya kata anakwenda? Anakwenda, akasema, siku ambazo mama mdogo anaweza kusimama. Mama mdogo kweli alikuwa hawezi. Nilimwona ndani, mgongo umemwisha, uso mzuri wa mtu anayeomba samahani kwa kila pumzi. Sanduku la bati lilikuwa pale pembeni, wameweka maharage ya mbegu ili panya wasiyafikie. Binti aliniona nikilitazama akasema, "Linafaa, Mama. Halipitishi kitu." Alikuwa ananifariji.

"Wanakutesa?" nikamuuliza.

"Hapana. Wananipenda."

Halikuwa jibu nililolitaka, Mungu anisamehe. Angesema wanamtesa ningempakia kwenye pikipiki palepale na kumwambia afisa ustawi aje anifunge. Nikambeba yule pacha wa mkekani, nikakaa, tukamenya mihogo pamoja. Hakuniuliza swali hata moja, yeye ambaye alikuwa hamalizi maswali. Nikaondoka, na nilipofika barabarani nikamwambia dereva wa bodaboda azime pikipiki kwanza.

Mwaka uliofuata Sista alipiga simu tena. Sikutaka kupokea lakini nikapokea, kazi ni kazi. Nafasi ipo, akasema, tuna mtoto? Tulikuwa naye wa darasa la saba, mwenye akili, aliyekuwa akilala kitanda cha juu ya binti wangu na kurithi daftari zake. Huyu ana bibi yake Murungu, mama wa marehemu mama yake, kikongwe asiyeweza kumtunza mtoto lakini anayekuja kumwona kila baada ya muda, kwa miguu sehemu kubwa ya njia, na ndizi mbivu kwenye kapu. Watoto wote walimpenda, maana ndizi aligawa kwa wote. Sikumwambia mtoto chochote kuhusu ile simu. Lakini nyumba ina masikio, na watoto wetu wanajua mambo ya nafasi kuliko bodi.

Jumapili ile bibi akafika. Nikamwita mtoto, kimya. Nikazunguka mabwenini, nikaenda chooni, mwisho nikamkuta jikoni, amekaa chini nyuma ya magunia ya mkaa.

"Bibi yako yuko getini."

"Mwambie simjui."

"Umerukwa na akili?"

Akanitazama. Hakuwa analia. Alisema taratibu, kama mtu anayemweleza mwenzake asiyeelewa hesabu, "Mama, wanataka ambaye hana mtu. Dada alikuwa hana mtu, mkampatia mtu, sasa anamenya mihogo. Mwambie bibi asije tena. Mwambie mpaka nimalize kidato cha nne."

Mdomo wangu, ambao nimeusifu hapo juu, haukupata neno. Nilitakiwa kumkaripia. Nilitakiwa kumwambia bibi ni bibi, shule ni shule. Lakini nilikuwa najua alivyohesabu, na nilikuwa najua hesabu yake ni sahihi. Nikaenda getini. Kikongwe alikuwa ameshatua kapu, anajifuta shingo na upande wa khanga, anatabasamu kabla hajaniona vizuri. Tukasalimiana. Nikamwambia mtoto amelala, ana homa kidogo, siyo ya kutisha.

"Basi asiamshwe," akasema. "Nitangoja aamke."

Akatandika khanga chini kando ya ukuta, akakaa, akanyoosha miguu. Nilimpelekea chai. Watoto wengine wakaja kumzunguka, akawagawia ndizi, mbili akaziweka pembeni. Jua lilipoanza kuinama akaniuliza kama homa imeshuka, nikamwambia bado. Akainuka kwa shida, akazifunga zile ndizi mbili kwenye kitambaa akanipa, akaniambia nimsalimie, Murungu ni mbali na yeye siku hizi haoni vizuri giza likiingia. Nikamsindikiza mpaka barabarani. Niliporudi jikoni mtoto alikuwa palepale nyuma ya magunia, akaniuliza kama bibi ameelewa.